UZI: Binti wa nyumba yenye masharti makali, ni nini hasa humsukuma kuanzisha biashara?

Mizani_Eastlands (mwanzisha uzi)

Wakuu na akina dada, habari zenu. Kila ikizuka mada ya mabinti wa Islii (Eastleigh), Majengo, Makina au South C hapa Nairobi wanaouza vitu kwa simu, majibu huwa mawili tu: "ni umaskini" au "wamechoka kufungiwa." Yote mawili yananitia shaka. Wapo ambao baba zao wana maduka Second Avenue ya Islii na bado usiku wanauza mabaibui kwa WhatsApp. Wapo ambao hawana ugomvi na dini wala wazazi na hawataki kukombolewa na mtu. Sasa kinachowasukuma ni nini? Naomba wanaojua kazi hii kwa ndani wajibu kwa mambo yanayoshikika. Hadithi za "shangazi yangu" tuziachie uzi mwingine.

Bint_Pumwani

Tuanzie kwa nani anaulizwa kabla pesa haijatoka. Katika nyumba nyingi za namna hii binti hakosi chakula, nguo wala karo. Anachokosa ni shilingi isiyohitaji maelezo. Akitaka KSh 500 ataiomba kwa baba, kaka au mume, na kila ombi lina maswali yake: ya nini, unaenda wapi, na nani, utarudi saa ngapi. Mia tano yake mwenyewe inayafuta maswali hayo kwa mpigo. Huyo binti wa mwenye maduka basi hana kitendawili: baba ana pesa, yeye hana.

Jambo la pili halisemwi sana. Kati ya matokeo ya kidato cha nne na posa kuna muda mfupi, na binti anayekaa tu nyumbani hana hoja ya kuurefusha. Akisema "sitaki kuolewa" amezua vita. Akiwa na oda za harusi mbili mwezi ujao, analipa tokeni za stima na ada ya madrasa ya mdogo wake, mama mwenyewe ndiye atakayesema posa isubiri kidogo. Ndoa hajaikataa, ameisogeza mbele. Anayedhani mabinti hawa wanaasi hajaona wanavyoyatumia masharti yaleyale ya nyumbani kupata nafasi.

La tatu ni heshima kwa ukweni. Lipo, ila watu huliongezea chumvi.

Msukumo huo ndio unaochagua biashara, kabla hata ya soko. Binti hajapiga hesabu ya faida bado, anapima kwanza: wateja ni wanawake? Inafanyika ndani? Inaisha kabla ya magharibi? Mgeni akiuona mzigo sebuleni utaelezeka? Hina, mabaibui, madera, unsi (ubani wa Kisomali wa kufukizia), keki, ususi na tuisheni vinapita. Kukarabati simu hakupiti, hata kama mtaa mzima unatafuta fundi. Matokeo yake wanajazana kwenye biashara chache zilezile na kuangushiana bei, halafu wakopeshaji wanasema wanawake hawa "hawana ubunifu."

Kaka_Stoki

Dada Bint_Pumwani, umepamba. Wengi wao wanataka ajira na ajira haipatikani. Binti ana diploma ya famasia. Zamu ya usiku nyumbani hawakubali, kituo cha kazi nje ya Nairobi hakubaliwi, na duka la dawa lenye wafanyakazi wanaume watupu linazua mjadala wa wiki nzima. Akivaa niqabu, nusu ya waajiri hawamwiti hata kwa mahojiano. Ukitoa hizo zote, kilichobaki ni kupika sambusa.

Wanaofundisha ujasiriamali hutenganisha aliyesukumwa na shida na aliyevutwa na fursa. Hapa mtu mmoja ana yote mawili, ndiyo maana fomu za mikopo zenye visanduku viwili huandika uongo. Mimi napendekeza kipimo kimoja: muulize, ukipewa kazi ya mshahara katika shule iliyo hatua mia kutoka nyumbani, biashara utaifunga? Anayesema ndiyo usimkopeshe kununua friza kubwa.

Bint_Pumwani

Kipimo nakikubali kaka, ila uliza na swali la pili: mshahara nyumbani utajua nani? Mshahara una tarehe na kiasi, na vyote viwili hujulikana hadi kwa mjomba. Mapato ya biashara hayana tarehe. Kuna watakaokataa mshahara mkubwa kwa sababu hiyo tu, na wako sahihi.

Ustadha_Makina

Assalamu alaykum. Naomba tutenganishe dini na desturi, maana mabinti wenyewe wanazitenganisha na hapo ndipo wanapopata nguvu ya kuomba ruhusa.

Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake. An-Nisaa aya ya 32 inasema wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Aya ya 4 ya sura hiyohiyo inaamuru mahari apewe mwanamke mwenyewe, hivyo mahari inaweza kuwa mtaji wake, si ya kununulia makochi ya kaka. Mume anabaki na wajibu wa masurufu hata mke akiwa na mali kuliko yeye. Na Bi Khadija alikuwa na misafara yake ya biashara, na Mtume alimfanyia kazi hiyo kabla hajamuoa. Binti anayekwenda kwa baba yake na hoja hizi anazungumza lugha ya nyumba ileile. Akienda na maneno ya "haki zangu" kama aliyoyasikia redioni, kikao kimekwisha.

Serikali nayo haijamzuia. Hapa Kenya mwanamke mtu mzima hahitaji walii (msimamizi wake wa kiume) kusajili biashara. Saudia sharti hilo la ruhusa ya mwanamume liliondolewa Februari 2018 tu. Kwa hiyo kizuizi cha Nairobi kiko sebuleni na kinaondolewa sebuleni.

Kinachoharibika zaidi ni hiki: mapato ya mke yakijulikana, masurufu hupungua. Kwanza mume anaacha kununua gesi, halafu karo, na baada ya mwaka biashara imekuwa bajeti ya nyumba na mtaji umeliwa. Anayeolewa akiwa na biashara azungumze na mposaji mapema, mbele ya wazee na mashahidi: ataendelea, saa ngapi, na gharama zipi zinabaki kwa mume. Uzito wa masharti ndani ya mkataba wa ndoa unatofautiana kwa madhehebu, kwa hiyo aulize kwa kadhi kabla ya siku ya nikaha.

Hesabu_Kali

Sawa, mmemaliza sababu za moyoni. Nakuja kwenye laini ya simu, kwa sababu msukumo wa "pesa isiyo na maswali" huvunjikia hapo.

Laini ya M-Pesa ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka, hiyo pesa ni ya kaka. Anaweza kuibadilisha laini dukani akiwa na kitambulisho chake na binti asijue hadi simu ikose mtandao. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani, Wasomali wa Nairobi na Wanubi wa Kibra walipitia uchujaji wa ziada kupata vitambulisho, ndiyo sababu wengi walianza kwa laini za kuazima. Rais Ruto alitangaza kufuta uchujaji huo Februari 2025. Kitambulisho ndicho hatua ya kwanza, kabla ya mkopo wala mafunzo.

Akishapata laini yake, asipokee malipo kama pesa ya kawaida ya kutumiwa. Mteja akituma kwa namba, anabaki na namba ya binti na jina lake, na ujumbe wa saa tano usiku kutoka kwa mwanamume asiyemjua utafuata. Kaka akiuona ujumbe huo, biashara imefungwa siku hiyo. Achukue till, namba ya malipo ya kununulia bidhaa: mteja anaona jina la biashara tu. Pochi la Biashara ya Safaricom ni rahisi kufungua, inatenganisha pesa ya biashara na ya matumizi, na mteja hawezi kurudisha malipo bila muuzaji kukubali. Lakini inatumia namba yake ya simu, kwa hiyo faragha yake ni ndogo. Kwa biashara ya wateja wasiojulikana, till.

Mtaji sasa. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilianza Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kwa wengi wa mabinti hawa neno riba linatosha kufunga mjadala. Uwezo Fund, mfuko mwingine wa serikali, haina riba, ina ada ya usimamizi, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa, na sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Benki za Kiislamu zipo, zinanunua mzigo na kukuuzia kwa faida inayojulikana, ila zinataka rekodi za mapato, na aliyekuwa anaficha mapato hana rekodi. Hapo msukumo unapigana na ukuaji.

Ndiyo maana hagbadi, mchango wa zamu wa akina mama ambao wengine huuita ayuto, bado inazishinda zote. Wanawake kumi, kila mmoja KSh 2,000 kwa wiki: kila wiki mmoja anaondoka na KSh 20,000 bila riba na bila fomu. Anayeishika ni mama anayeaminika. Huharibika namna moja: aliyepokea mwanzoni anaacha kuchanga. Kwa hiyo mgeni huwekwa zamu ya mwisho, na anayetaka zamu ya mapema lazima awe na mwanachama wa kumdhamini. Kosa la mabinti ni kuingia hagbadi tatu kwa pamoja, wakati mapato yao ni ya msimu. Ramadhani na miezi ya harusi wanachanga vizuri, mwezi mkavu ukifika wanauza stoki kwa hasara ili wasiaibike.

Kaka_Stoki

Hapo kwa kuaibika ongeza wino. Dhamana ya hagbadi ni jina la mama yako.

Hina_Safi

Mmeitaja hina kama kazi nyepesi ya ndani. Ni ya ndani, nyepesi siyo, na anayeingia kwa kuwa "ndiyo inayoruhusiwa" huanguka kwa mambo yaleyale.

Gramu 100 za unga wa hina ya mwili (si ile ya nywele, ina chembe kubwa zinazoziba koni, kile kifuko cha kupakia), chekecha kwa kitambaa laini. Tia sukari gramu 30, mafuta ya lavenda mililita 30, kisha maji au juisi ya limau kidogokidogo hadi iwe kama mtindi mzito. Mara nyingi huchukua karibu mililita 250 hadi 300. Funika na uiache itoe rangi. Julai ya Nairobi yenye baridi inaweza kuchukua saa 24, miezi ya joto saa nane hadi kumi na mbili. Paka tone kiganjani dakika tano: likiacha rangi ya chungwa, iko tayari. Hutoka kama koni 15 za gramu 25. Koni ikikaa nje siku kadhaa inakufa, kwenye friza inadumu miezi. Kwa hiyo nyumba isiyo na friza isipike kwa wingi, ipike kwa oda.

Mwambie mteja ikae saa sita hadi kumi na mbili, ikwanguliwe bila maji, na rangi itakolea ndani ya siku mbili. Bibi harusi apakwe siku mbili kabla, siyo asubuhi ya harusi. Malalamiko mengi ya "hina yako haishiki" ni maji tu yaliyogusa mapema.

Piko nyeusi ya dakika ishirini ni rangi ya nywele, na kemikali yake ya PPD ikikaa juu ya ngozi inaweza kuleta malengelenge, saa nyingine siku kadhaa baadaye. Aliyeshapata mzio huo huwa nao maisha, hata akija kupaka rangi ya nywele miaka kumi baadaye. Wengine wanachanganya hina na petroli au mafuta ya taa ili ikolee: usifanye. Na mtoto mchanga asipakwe hina yoyote, hata ya asili, kwa sababu mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) anaweza kuvunjikiwa chembe za damu. Soko hili lote ni mtandao mmoja wa akina mama wanaokutana kwenye harusi. Mkono mmoja ukivimba, Jumapili wanajua wote.

Bei nayo. Bibi harusi, mikono na miguu, ni saa tatu hadi nne za kuinama. Wengi wanatoza unga na koni, wanasahau mgongo. Pokea nusu ya pesa siku tarehe inaposhikwa. Weka nauli ya kurudi ndani ya bei, kwa sababu usiku wa hina hauishi kabla ya magharibi na mtu wa kukurudisha lazima ajulikane nyumbani mapema. Na undugu: ndugu wa tumbo moja bure, wengine wote bei iliyoandikwa. Bila kanuni hiyo, binti atapaka ukoo mzima bure na baba atauliza hii biashara iko wapi.

Olkejuado

Naongeza upande usio wa Kiislamu, mji huu una masharti ya aina nyingi. Kwenye boma la Kimaasai ng'ombe ni wa mwanamume, lakini maziwa yako mikononi mwa mwanamke, na shanga ni kazi yake tangu zamani. Kwa hiyo msichana wa Kajiado anayeleta shanga Maasai Market hajavunja kitu. Pesa ya maziwa na shanga haihesabiwi kama mali ya boma, na ndiyo maana anaipenda. Shanga nzuri zinatoka Jamhuri ya Cheki, tena kwa bei inayopanda na dola, na hapo ndipo faida inapopotea bila yeye kujua: anapima bei kwa mkufu uliouzwa mwaka jana. Apime shanga kwa gramu kabla na baada ya kila mkufu. Mzani mdogo wa jikoni unatosha.

Hatari nyingine: mapato yakifika kiasi cha kununua ndama, pesa imegeuka mifugo, na mifugo ina mwenyewe.

Mizani_Eastlands

Hiyo ya ndama imenigusa. Basi niulize: biashara ikizidi chumba cha kulala, inakuwaje? Wengi huonekana kusimama palepale.

Bint_Pumwani

Wanasimama kwa sababu kinachofuata kinavunja vile vipimo vya mwanzo. Mzigo ukikua unataka stoo, muuzaji wa jumla ni mwanamume, boda anabisha mlangoni mara tano kwa siku. Kila kimoja kinahitaji ruhusa mpya, na ile ya kwanza ilipatikana kwa shida.

Njia inayofanya kazi ina historia hapahapa. Garissa Lodge ya Islii ilikuwa nyumba ya wageni. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, wakimbizi walianza kuuza nguo ndani ya vyumba vyake, wanawake wakiwamo, hadi vyumba vikageuka maduka. Chumba cha kulala kilikuwa duka kabla mtu hajakiita duka. Siku hizi kinachofanana na hicho ni kibanda cha ghorofa ya juu katika jengo la maduka, chenye majirani wanawake, kinachokodiwa na mabinti wawili au watatu kwa zamu. Nyumbani kinaelezeka: yuko na binti fulani, saa fulani, lango lina mlinzi. Sehemu ya kodi hiyo inalipia ruhusa, si nafasi, na anayewashauri wahamie mahali pa bei rahisi soko la Gikomba hajaelewa wananunua nini.

Boda asije mlangoni. Mizigo yote iende mara moja kwa siku, saa kumi, kwa duka la mama mmoja wa mtaa anayelipwa kidogo kwa kila furushi, naye mpanda boda achukue kwake.

Hesabu_Kali

Na kaka. Biashara ikianza kuonekana, kaka anajitolea kusaidia, anakuwa mpokeaji wa mzigo, halafu mwenye till, halafu mwenye duka. Mara nyingi hana nia mbaya, muuzaji wa jumla ndiye anayemwita "mwenyewe." Sajili jina la biashara eCitizen, tovuti ya serikali, kwa kitambulisho cha binti, ni karibu KSh 1,000, kabla kaka hajaanza kusaidia. Kaka alipwe kwa safari au kwa furushi, kiasi kinachojulikana, asipewe fungu la faida. Kodi ya mauzo (turnover tax) ya asilimia 3 inaanza mauzo yakizidi milioni moja kwa mwaka, kwa hiyo aliye chini ya hapo asitishwe na kaka kwamba KRA, mamlaka ya kodi, "watamfuata" kwa kodi hiyo.

Ustadha_Makina

Nakubali, ila kaka huyo huyo ndiye mahram wake (ndugu wa kiume wa kufuatana naye) safari ya Dubai ikija. Usimgeuze adui kwa ajili ya daftari. Mlipe vizuri, na daftari lisomwe mbele ya mama kila mwezi.

Mgeni_Islii

Samahanini wakubwa. Binti mwenye KSh 5,000 tu, friza ya nyumbani ipo, ruhusa ya hina amepata. Azigawe vipi?

Hina_Safi

Mdogo wangu, zisiishe zote kwenye unga. Nunua gramu 200, usinunue kilo. Unga ukikaa kwenye joto unapoteza rangi. Mafuta ya lavenda chupa mbili za mililita 30, karatasi ya koni, gundi ya selotepu, na mzani mdogo. Hizo zikizidi nusu ya pesa umeuziwa ghali, tembea duka la pili. Robo weka kando ya nauli za kazi tatu za kwanza. Kinachobaki usikiguse: ni cha kumrudishia mtu amana yake ukishindwa kufika. Mazoezi fanya kwa koni zilizokufa juu ya kioo, unafuta na kurudia, siyo kwenye mikono ya majirani. Ukianza na majirani watazoea bure.